Wilondja alitembea, tukasema amepona

Batoto bangu ba kine, kazi yetu ya kusimamisha bagonjwa kwa mazoezi, ninyi benye munavaa sasa bulouse nyeupe na kupita pale hospitali mukisema maneno ya Kifaransa hata kwa mutu mwenye hajui, mulinikuta kwa mulango wa kanisa mukaniomba: "Papa, utuandikie namna mulikuwa munafanya kazi." Sawa. Lakini mujue mi école, masomo, niliacha mapema, baba alikuwa na majembe mawili na mikono miwili tu. Kuandika kwangu ni sawa mugonjwa wa siku ya kwanza: naenda, nashika ukuta, napumzika, narudi nyuma. Munivumilie vile munavumilia bengine.

Nilianza na ufagio. Hakuna mutu aliniita kwa kine. Siku moja nafagia chumba cha banaume, kulikuwa mutu mumoja mukubwa sana wa Misisi, shimo la dhahabu lilimuangukia kwa mugongo, ako anateleza kitandani polepole sawa mutumbu wa ziwani wenye haukufungwa. Mama Spesi alikuwa amemushika peke yake. Mama Spesi alikuwa mukimbizi wa Burundi, mwembamba, amesomea kine kwao, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili. Akalia: "We wa ufagio! Acha uchafu, shika mutu!"

Nikashika. Nikamuvuta kwa makwapa, hoo, kama gunia la mihogo. Yule wa Misisi akanitukana kwa luga tatu. Kisha Mama Spesi akaniambia neno lenye nimebeba mpaka leo: "Mutu havutwi. Mutu anangojewa." Unaweka mukono chini ya bega, unakunja magoti yako, unamwambia "twende", halafu unangojea mpaka mwili wake wenyewe uanze. Hata kama unaanza kidogo sana. Ule wa kidogo ni wake, ule mwingine njo wako wa kuongeza. Kesho yake nikampa mutu mwingine ufagio.

Zamani tulikuwa tunakosea mengi, na tulikosea kwa upendo. Mutu akipasuliwa mugongo, tulimulalisha chali, mifuko ya muchanga huku na huku, majuma na majuma, "asiguswe, asivunjike." Mugongo unapona, lakini matako yanaoza. Kidonda kinakuwa fasi ya kuweka ngumi. Leo daktari akiruhusu tu, tunamugeuza, tunamukalisha, tunamusimamisha. Ninyi munaona ni kitu cha kawaida. Sisi tuliona ni wazimu.

Na vyombo? Mbao za kushikilia wakati wa kutembea tulifanya na mianzi. Mupira wa kuvuta na miguu tulikata kwa mupira wa ndani wa kinga, baiskeli, hata siku moja ukapotea, tukaukuta umekuwa manati, batoto banawinda ndege nyuma ya maternité, nyumba ya kuzalia. Papa Alimasi wa farmasi alikuwa ananika mashati kwa ile mianzi yetu. Mugonjwa akija kutembea, kwanza tunaondoa mashati ya Alimasi. Alikuwa anasema, "Na nguo pia zinahitaji mazoezi." Mutu wa ovyo sana yule, Mungu amurehemu.

Lakini nilitaka kuwaambia habari ya Wilondja, juu munaniuliza kila mara: mutu akishatoka operasyo ya kivimbe cha ndani ya mugongo, nini inabaki kufanya?

Ile ugonjwa ni adimu. Wagonjwa ba mugongo benye nilishika ni benyi sana: benye kuanguka kwa mingazi, miti ya mawese, benye risasi, benye kifua kikuu cha mifupa. Wa kivimbe kinachoota ndani kabisa ya ile kamba ya mugongo, yenye inapeleka habari ya miguu kwa kichwa, nilishika bachache, na Wilondja njo nakumbuka kuliko bote.

Alikuwa muvuvi wa Ubwari. Ilianza na kiuno, akasema anasikia sawa mutu amemufunga kamba. Kisha miguu ikakuwa mizito kwenye mutumbu. Bengine bakasema amelogwa juu ya nyavu zake mpya. Bengine bakasema kifua kikuu cha mifupa, akameza dawa yake muda murefu, hapana. Mwishowe dada yake wa mujini akamupeleka kwa mashini kubwa ya picha, ile ya kulala ndani ya shimo lenye kupiga kelele, bakakiona. Bakamupasua huko. Daktari aliyemupasua alitoa sehemu kubwa, sehemu nyingine akaiacha, juu ilishikamana na kamba. Ukiing'oa kwa nguvu unang'oa na miguu yenyewe.

Akarudi kwetu Baraka kwenye machela, miguu imelala kuliko kabla ya operasyo. Bibi yake Wabiwa akalia sana. Hiyo mujue, batoto, mujifunze kuisema kwa familia mapema: kisha ya kisu, kamba inakasirika, inavimba, miguu inaweza kwenda chini kwanza ndipo irudi. Mara ingine inarudi, mara ingine inarudi nusu. Musiahidi. Musinyime pia.

Wilondja hakulia. Alikuwa mutu wa masihara. Asubuhi ya kwanza nikamuuliza, "Miguu yako iko wapi?"

Akasema, "Papa, imeenda Kigoma kununua sabuni. Iko inarudi na boti."

"Leo imefika wapi?"

"Bado iko inabishana bei."

Basi ikawa salamu yetu. Siku kidole kikubwa kilitikisika, akapiga kelele chumba chote kikasikia: "Imepanda boti! Wabiwa, imepanda boti!" Na siku alisimama katikati ya mianzi, jasho linamutoka, akasema kwa sauti ndogo, "Papa, naona mulima wa kwetu." Mi nilienda kunawa uso kwa bomba, nikasema ni vumbi.

Kitu kimoja tu hakikurudi vizuri: kusikia. Miguu ilitembea lakini ilikuwa haijui moto wala baridi wala mwiba. Nilimufundisha, nikamufundisha Wabiwa: kila asubuhi tazama nyayo, katikati ya vidole, ukitumia kioo kidogo. Maji ya kuoga pima na kiwiko cha mutu mwingine, hapana na muguu wake. Kwetu mutu akitoka hospitali, bamama banapenda kumukanda na kitambaa cha maji ya moto, ni upendo, ni desturi. Kwa mutu wa namna hii unamupika.

Akaanza kutembea na fimbo mbili. Hapo sasa njo shida ilianza, mutashangaa. Shida ilitoka kwa furaha.

Kaka yake mukubwa, Mulondani, mwenye alimuita Yaya, njo alikuwa mukubwa wa nyumba yao na mwenye timu ya uvuvi. Mutu mugumu, shingo fupi, akisema neno hata ndagala ndani ya wavu zinanyamaza. Alimulipia mudogo wake kila kitu bila kunung'unika. Alipomuona anatembea, akashika kofia kwa mikono miwili, akasema: "Siku ya Mungu tunafanya shukrani. Mbuzi niko naye. Watu bote ba Ubwari baone."

Munajua shukrani kwetu si kitu cha mchezo. Unasimama mbele ya kanisa, unatoa ushuhuda, unatoa mbuzi, na habari inafungwa. Mutu mwenye ametoa shukrani ya kupona harudi tena kwa daktari na ugonjwa uleule. Watu batasema alimudanganya Mungu mbele ya mashahidi.

Siku mbili kabla ya ile siku, daktari aliyemupasua akapiga simu kwa hospitali yetu. Daktari wetu akaweka sauti ya wote kusikia. Tulikuwa pale: Wilondja, Wabiwa, Mulondani, daktari wetu, na mi kwa mulango na kiti cha magurudumu chenye hakuna mutu alikihitaji. Yule wa simu alisema kile kipande cha kivimbe balichokipima kimetoa majibu. Si ile kanser ya kutembea mwili muzima. Ni ya kukaa fasi moja na kukua polepole. Lakini kilichobaki kinaweza kuamka.

Wabiwa akauliza, "Sasa, Daktari, njia ni gani?"

Akaeleza polepole, mutu muzuri yule. Kama tungelitoa chote, alisema, ningeliwaambia mungojee, na kila baada ya miezi kadhaa apige tena picha, basi. Kwa vile kimebaki, munaweza pia kungojea na kupiga picha, lakini mi naogopa kungojea, juu kikikua, miguu yenye imerudi itaenda tena, na kumupasua mara ya pili ni hatari kuliko ya kwanza. Dawa za kutia kwenye mushipa kwa aina hii hazisaidii sana. Ushauri wangu ni mionzi. Mashini inapiga mwanga wenye hauonekani pale pale kwenye mugongo, kila siku ya kazi, majuma kadhaa. Haiumi. Inachokesha, inaunguza ngozi kidogo. Siahidi kama itakimaliza. Inaweza kukilaza. Na mazoezi yanaendelea kwa njia zote, hiyo haina mujadala. Ila ile mashini haiko karibu yenu, itabidi avuke mupaka.

Mulondani akasogea karibu ya simu sawa mutu anataka kuigonga. "Daktari, mutu anatembea."

"Nafurahi sana. Miguu inatembea. Kivimbe hakijali."

"Aksanti," Mulondani akasema, na akatoka.

Munasikia? Kila hatua mi na Wilondja tulishinda pale katikati ya mianzi, ilikuwa inampa Mulondani ushahidi. Kama angelibaki kwenye machela, wangelimubeba mpaka mwisho wa dunia. Juu anatembea, amepona.

Na mi nilijua kwa nini ako na ukali ule. Balikuwa na mudogo wa mwisho, Etabo. Alivuka mupaka kutafuta matibabu ya tumbo, akafia huko, akazikwa na watu benye hawakujua hata jina la mama yake. Mulondani hakuwahi kukaa kwa kaburi lile. Habari ya kuvuka mupaka, kwa masikio yake, ilikuwa jina lingine la kuzika.

Siku ya Mungu nikapanda boti nao kwenda Ubwari, nilikuwa mugeni wa heshima, nimevaa koti. Wabiwa akaja kukaa karibu yangu, akasema chini ya kelele ya motere: "Papa, anataka kwenda. Ananiambia mi. Kwa yaya yake mudomo unakufa."

"Umwambie aseme."

"Mutu amekulipia kila kitu, amekutolea mbuzi, utamwambia haitoshi?"

Nikatazama maji.

Kanisani ilikuwa furaha, siwezi kudanganya. Wilondja alitoka kwenye benchi mpaka mbele na fimbo zake mbili, bamama banapiga vigelegele, kwaya ikasahau mahali ilifika kwa wimbo. Mbuzi naye alisimama mbele akitazama watu sawa amekuja kuhubiri. Muchungaji akasema, "Aliyekuwa amelala amesimama!" Watu: "Amina!" Wilondja akatoa ushuhuda mufupi sana. "Namushukuru Mungu. Namushukuru Yaya. Nimefika hapa." Hakusema "nimepona". Mi nilisikia. Wabiwa alisikia. Mulondani alikuwa analia, hakusikia.

Kisha tukaenda lubunga. Kwa benye si Babembe: lubunga ni kibanda cha banaume, moto katikati, kila nyumba inaleta chakula, banaume banakula pamoja na banakata maneno hapo. Wilondja hakuwa amekaa lubunga tangu ugonjwa. Balimuwekea kiti kizuri karibu ya moto, fasi ya heshima, samaki mikebuka ya kuchoma ilikuwa juu ya makaa, bukari, ugali wetu, inafuka moshi, na sombe, majani ya muhogo, ya mawese. Akavua viatu sawa wengine. Akaanza kusimulia namna nilikuwa namulaumu kwenye mianzi, anaiga sauti yangu, anaiga kutembea kwangu na koti, watu banakufa na kicheko. Mi pia nacheka, na mukono ndani ya bukari.

Mulondani akanyanyua mukono. "Ndugu zangu. Mutoto wetu alilala, leo anakula na sisi. Kule kwa mashini ya watu haendi tena. Mungu tumeshamushukuru, hatutamurudia na malalamiko. Nani iko na neno?"

Hakuna mutu. Wilondja alikunja donge ya bukari, akaikunja, hakuiweka kinywani. Nilimuangalia nikimuombea kinywa.

Halafu Mulondani akakunja pua. "Nani anaunguza samaki?"

Kijana wa makaa akasema, "Mikebuka imeshatoka, Baba."

"Mi nasikia nyama inaungua."

Kila mutu akatazama mbele yake. Mulondani njo aliona wa kwanza. Muguu wa kuume wa Wilondja ulikuwa umeteleza, kisigino kimelala juu ya kisiki chenye moto. Moshi mudogo unapanda. Na Wilondja ako pale, amekaa, uso wake hauna kitu, anawaza maneno yake.

Mulondani aliruka juu ya sahani. Alinyakua ule muguu kwa mikono miwili, akauweka kifuani kwa shati lake la kanisa. "Wilondja! Unasikia?"

"Nasikia nini, Yaya?"

Batoto, mule lubunga tulisikia mbuzi zingine nje. Mulondani alitazama kisigino, ngozi imekuwa nyeupe na nyeusi, akatazama uso wa mudogo wake, akatazama kisigino tena. Akaniambia mi, bila hasira, na hiyo bila hasira njo iliniuma: "Papa kine. Muliniambia huyu amepona?"

"Nilikuambia anatembea," nikasema. "Wewe na mi tulipenda iwe neno moja."

Mutu mumoja akakimbia kuleta mawese ya kupaka, nikamufukuza. Maji safi ya baridi, mengi, muda murefu, kisha kitambaa safi, basi. Muandike hiyo. Mulondani ndiye alimwaga maji, kikombe kwa kikombe, amepiga magoti, mukubwa wa timu, mbele ya vijana bake bote. Na akiwa chini vile, hamutazami, Wilondja akapata kinywa.

"Yaya. Nataka kwenda."

Mulondani akaendelea kumwaga.

"Etabo alikwenda peke yake," Wilondja akasema. "Mi siombi kwenda peke yangu."

"Na shukrani?" Muzee mumoja akauliza. "Tumeshamwambia Mungu nini?"

Mulondani akasema, kwa ile sauti ya kunyamazisha ndagala: "Tumemushukuru kwa kumusimamisha. Amemusimamisha kusudi asafiri." Kisha kwangu: "Papa, huko nani atamutazama miguu?"

"Gadi-malade."

"Njo nani huyo?"

"Mutu wa nyumba yenye anaenda na mugonjwa. Anamupikia, anamugeuza, anamupima maji ya kuoga."

"Wabiwa iko na batoto badogo," akasema. Akawaza. Vijana ba timu bakatazamana. Halafu akanipa mukono wake mukubwa wenye kulowa. "Nifundishe."

Tulingojea kisigino kianze kufunga vizuri, daktari alitaka hivyo. Katika siku zile Mulondani alikuja hospitali kila siku, na niwaambie, sikupata mwanafunzi mubaya kuliko yeye. Alimugeuza Wilondja sawa anageuza mutumbu wa kupaka lami. Wilondja: "Yaya, mi si mbao!" Nikamwambia neno la Mama Spesi: "Mutu havutwi." Akaniambia, "Papa, mi maisha yangu yote ni kuvuta." Ilichukua muda. Siku moja niliingia nikamukuta amekunja magoti, mukono chini ya bega, anasema "twende" na amenyamaza, anangojea. Nilirudi nyuma polepole, nikaenda zangu.

Bakavuka. Leo Wilondja ako, anatembea na fimbo moja, kwa mutumbu wa mbali haendi, anashona nyavu za timu na kuwacheka benye kwenda. Mionzi ilimuchokesha, ilimufanya mweusi mugongoni. Kivimbe kingali pale, kidogo, kimelala. Kila mara anaenda kupiga picha, na kila mara tunaogopa. Hiyo njo kupona kwa ugonjwa huu: hapana mulango unaofungwa, ni mulango unaochungwa. Muwaambie watu vile, kabla ya mbuzi kununuliwa.

Katika yale majuma ya mionzi, Mulondani alinipigia simu mara moja. Mutu mwenye hapendi simu. Nikamuuliza kama kisigino kimefunga. Kimefunga. Kama anakula. Anakula. Hakukata simu, nikajua bado kuna neno.

"Papa, kuna kitu hukuniambia. Wakishamulaza pale kwa mashini, banatutoa wote. Hata daktari anatoka. Banafunga mulango mukubwa wa chuma. Anabaki mule peke yake."

"Ni kwa muda mufupi, Baba."

"Najua. Lakini ni peke yake." Nikamusikia anapumua. "Basi nasimama kwa ule mulango, namuita. Wilondja! Kwa nguvu, vile tunaitana kutoka mutumbu kwa mutumbu."

"Na anakusikia?"

"Ule mulango ni munene sana, sijui. Kuna mama mumoja wa kazi ya mashini, iko na kioo cha kumuona ndani, kwanza alitaka kunifukuza. Sasa nikishaita, yeye ndiye ananiambia."

"Anakuambia nini?"

"Anasema: ita tena, amecheka."